Kuanza kusimamia nyumba chini ya broka Marekani: njia tatu na mzigo wa kila moja

Ukipata leseni ya mali isiyohamishika Marekani na kutaka kusimamia nyumba za watu, utakutana na sharti moja karibu kila jimbo: kutafuta wapangaji, kukusanya pango na kushika amana kwa niaba ya mtu mwingine, kwa malipo, ni kazi ya broka (mwenye leseni ya ngazi ya juu, anayeruhusiwa kuendesha ofisi yake) au ya mtu aliye chini ya broka. Sheria hii ni ya jimbo, si ya taifa. Idaho haidai leseni ya mali isiyohamishika kwa kazi hiyo. Oregon, Montana na South Carolina zina leseni ya pekee ya msimamizi wa nyumba. Kwingine kwingi utakaa chini ya jina la broka, upende usipende.

Kinachowakwamisha wengi ni kuchagua broka wa namna gani na wakae naye vipi. Njia zilizozoeleka ni tatu. Ya kwanza ni kuajiriwa na kampuni ya broka inayosimamia nyumba tu. Ya pili ni kuwa ajenti wa kujitegemea kwa broka anayeishi kwa mauzo lakini anakuruhusu kusimamia nyumba. Ya tatu ni kufungua kampuni yako na kumleta broka awe mwenye leseni wa kampuni hiyo. Zote ni halali zikifanywa sawasawa. Tofauti huonekana siku mpangaji anapoanguka ngazini au mwenye nyumba anapouliza amana iko wapi.

Dhima isiyohamishika

Kuna sehemu ya dhima ambayo hakuna njia itakayokuondolea, na ni bora kuijua kabla ya kulinganisha chochote. Mtu akidhurika kwa kosa ulilolitenda mwenyewe, anaweza kukushtaki wewe kwa jina lako. Broka naye atashtakiwa kwa kuwa ulikuwa ukifanya kazi yake, lakini kuingia kwake kwenye kesi hakukutoi wewe. Kuwa na LLC, yaani kampuni yenye dhima yenye kikomo, nako hakusaidii hapa. LLC hutenga mali zako na madeni ya kampuni; kosa la mikono yako linabaki lako.

Eneo ambalo wageni wa kazi huumia zaidi ni ubaguzi. Sheria ya Makazi ya Haki ya mwaka 1968, pamoja na marekebisho yake ya 1988, inakataza kumbagua mtu kwa rangi, asili ya utaifa, dini, jinsia, ulemavu, hali ya kuwa na watoto au mbari. Majimbo mengi yameongeza makundi mengine. Mwaka 2003, katika kesi ya Meyer dhidi ya Holley, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema dhima chini ya sheria hiyo inafuata kanuni za kawaida za mwajiri na wakala wake: kampuni hubeba kosa la wakala, lakini mmiliki au ofisa wa kampuni habebi yeye binafsi kwa sababu tu ya cheo chake. Soma tena ukiwa upande wa wakala. Bosi anaweza kutoka, kampuni inabaki, na aliyetamka maneno anabaki.

Maneno yenyewe huwa ya kawaida kabisa. "Ghorofa ya juu haifai watoto." "Mtaa huu ni wa watu watulivu wa kanisani." Au kumtoza mpangaji mwenye ulemavu ada ya mnyama wa kufugwa kwa ajili ya mnyama anayemsaidia. Anayelalamika ana mwaka 1 wa kupeleka malalamiko serikalini na miaka 2 ya kwenda mahakamani, kwa hiyo barua pepe uliyoiandika kwa haraka inaweza kurudi ukiwa umeshaisahau.

Ongeza sheria mbili za taifa zisizojali uko chini ya nani. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inahitaji taarifa ya rangi yenye madini ya risasi kabla mpangaji hajatia saini, na nakala yake kutunzwa miaka 3. Na ukimkataa mwombaji kwa sababu ya taarifa yake ya mikopo, lazima umpe notisi ya kukataliwa inayotaja kampuni iliyotoa taarifa hiyo na haki yake ya kupata nakala bure ndani ya siku 60. "Tumempata mwingine" si notisi.

Vipimo vya kulinganishia

Mkataba. Mkataba wa usimamizi huwa kati ya mwenye nyumba na broka au kampuni yake. Wewe unatia saini kwa niaba. Tafuta humo mambo manne. Je, kiasi cha matengenezo unachoweza kuidhinisha bila kuuliza kimetajwa kwa tarakimu? Mwenye nyumba anaacha akiba kiasi gani kwenye akaunti? Kifungu cha yeye kuwakinga na madai kinamtaja broka peke yake, au broka pamoja na mawakala na wafanyakazi wake? Na je, analazimika kuiongeza kampuni kama mwenye kinga kwenye bima yake ya dhima? Kifungu cha kinga bila bima nyuma yake kina thamani ya mfuko wa mwenye nyumba, na mfuko wenyewe mara nyingi ni ile nyumba yenye mkopo.

Pesa. Hapa ndipo leseni nyingi hufia, na mara nyingi bila wizi wa kukusudia. Chukua mfano wa nyumba 10, kila moja ikiwa na amana ya dola 1,500. Akaunti ya amana, yaani ile ya benki ya kushikia pesa za wengine, ina dola 15,000 ambazo si za kuguswa, pamoja na pango la mwezi. Paa la mwenye nyumba mmoja linavuja, fundi anadai dola 2,400, na leja ya mwenye nyumba huyo, yaani hesabu ya pesa zake peke yake ndani ya akaunti hiyo, ina dola 900. Unalipa. Hundi inapita kwa sababu benki inaona pesa nyingi. Dola 1,500 ulizozitumia ni za wapangaji na wenye nyumba wengine, na hutagundua hadi wapangaji wawili wahame wiki moja.

Dawa yake ni kulinganisha hesabu tatu kila mwezi: salio la benki baada ya kuondoa hundi ambazo hazijapita, salio la daftari, na jumla ya leja zote za wenye nyumba na wapangaji. Zote tatu ziwe sawa hadi senti. California inadai ulinganisho huu wa leja kila mwezi, na pesa ziingizwe benki ndani ya siku 3 za kazi. Leja yoyote ikiwa hasi, hata kwa dola 5, unatumia pesa ya mtu mwingine.

Halafu kuna saa ya kurudisha amana, ambayo kila jimbo lina yake. New York inatoa siku 14, California siku 21, Texas siku 30. Florida ni siku 15 kama hukati chochote na siku 30 za kumpa mpangaji notisi kama unataka kukata. Ukizipitisha, unaweza kupoteza haki ya kukata kwenye amana hiyo. Texas, anayezuia amana kwa nia mbaya anaweza kudaiwa dola 100 pamoja na mara 3 ya kiasi alichokizuia isivyo halali, na gharama za wakili juu yake.

Bima. Bima ya makosa ya kitaaluma hulipia ushauri mbovu, tarehe iliyopitwa, mpangaji aliyechunguzwa vibaya. Kwa kawaida hailipii mguu uliovunjika; hiyo ni kazi ya bima ya dhima ya jumla, ya kampuni na ya mwenye nyumba. Wizi wa mfanyakazi unahitaji bima ya uaminifu. Usikubali jibu la "tuna bima". Omba ukurasa wa matamko, ule wa mbele unaoorodhesha kinachofunikwa na vikomo vyake, na uutafute usimamizi wa nyumba kwa jina, kwa sababu bima nyingi za ofisi za mauzo huuacha nje au huutaka uongezwe kwa nyongeza maalumu. Angalia kama madai ya ubaguzi yana kikomo chake kidogo ndani ya kikomo kikubwa, na kama nyumba zinazomilikiwa na wewe au broka zimetengwa. Uliza pia ile sehemu ya kwanza ya hasara, ambayo bima hailipi, inatoka mfukoni mwa nani. Colorado, Louisiana na Tennessee ni miongoni mwa majimbo yanayowalazimisha wenye leseni kuwa na bima ya kitaaluma, lakini kuwa nayo hakumaanishi inafunika kazi unayoifanya.

Usimamizi. Je, broka anasoma mikataba, anafungua leja, ana utaratibu wa kuchuja waombaji ulioandikwa? Au unamsikia siku ya makato tu?

Kuondoka. Nyumba unazosimamia zinabaki kwa nani, na nani anakulinda kwa kosa la mwaka juzi?

Njia ya kwanza: mwajiriwa wa kampuni ya usimamizi

Mkataba uko tayari, umeshapitiwa na wakili, na umeshajaribiwa na wenye nyumba wagumu kuliko utakaowapata mwaka wa kwanza. Pesa ziko mbali na mkono wako: mhasibu anaingiza, mwingine anaidhinisha, wewe unatuma ankara. Mgawanyo huo ni ulinzi wako pia, kwa kuwa asiyeweza kutoa pesa hashukiwi zikipungua.

Kwa bima, hapa ndipo kuna uhakika zaidi. Kampuni inayoishi kwa usimamizi haiwezi kufanya kazi na bima isiyoufunika, na mwajiriwa kwa kawaida huhesabiwa ndani yake. Sheria ya kazi nayo huongeza kinga. California, kifungu cha 2802 cha Sheria ya Kazi kinamtaka mwajiri amfidie mwajiriwa kwa matumizi na hasara za lazima zilizotokana moja kwa moja na kutimiza kazi yake. Ukianguka wewe ukikagua paa, fidia ya wafanyakazi inaingia. Texas ni ya kuangaliwa, kwani mwajiri binafsi halazimiki kuwa na bima hiyo.

Udhaifu wake uko kwenye usimamizi, ingawa usingeutarajia hapo. Kampuni zenye nyumba nyingi humpa msimamizi mmoja mzigo mkubwa, na mzigo ukizidi vinavyopotea kwanza ni kumbukumbu: picha za kuhamia, majibu ya maombi ya matengenezo, tarehe ya notisi. Utaratibu upo kwenye karatasi lakini hakuna saa za kuufuata, na kesi ikija karatasi hiyohiyo inatumika kukuonyesha ulichokiacha. Kabla ya kukubali kazi, uliza utapewa nyumba ngapi na nani anapokea simu za dharura usiku.

Kuondoka ni rahisi na ni mikono mitupu. Nyumba ni za kampuni, madai ya zamani ni ya bima ya kampuni.

Inamfaa asiyewahi kufunga hesabu ya amana, au mwenye mali binafsi za kulinda kama nyumba ya familia. Anayetaka jina lake mlangoni ataichoka mapema.

Njia ya pili: ajenti wa kujitegemea kwa broka wa mauzo

Hii ndiyo inayovutia wengi, kwa sababu mlango uko wazi. Unaleta nyumba ya rafiki, broka anachukua sehemu yake, unajenga kundi lako polepole. Ndiyo pia inayohitaji kuhojiwa kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuingia.

Ofisi ya mauzo mara nyingi haina mkataba wake wa usimamizi. Ajenti huokota fomu mtandaoni. Fomu ya jimbo jingine inaweza kukosa taarifa zinazotakiwa kwenu, na ikitiwa saini kwa jina lako badala ya la broka, umefanya kazi ya broka bila kuwa broka. Dai fomu ya chama cha mali isiyohamishika cha jimbo lako au iliyoandikwa na wakili, yenye jina la broka, na uhakikishe unatajwa kwenye kifungu cha kinga.

Suala la pesa ndilo linaloweza kuivunja njia hii. Broka wa mauzo huzoea kushika pesa ya dhamana ya mnunuzi kwa wiki chache, au kuiacha kwa kampuni ya hatimiliki, ile inayokamilisha uhamisho wa nyumba iliyouzwa. Leja za wapangaji zinazoishi miaka hajazizoea. Akikuambia, "Fungua akaunti yako, mimi sitaki usumbufu huo," usifungue. Pesa unazozipokea kwa kazi ya leseni lazima ziende kwa broka au kwenye akaunti ya amana aliyoielekeza. Zikipitia akaunti yako binafsi, hata kwa siku moja, ni kosa la kuchanganya fedha. Malipo yako nayo hupitia kwa broka. Mwenye nyumba anayekuandikia wewe hundi ya ada anakutia matatani kwa wema wake.

Kwa bima, chukulia kwamba hujafunikwa hadi uone maandishi. Barua pepe ya wakala wa bima wa broka inayosema usimamizi wa nyumba za kuishi umo, na wewe ajenti wa kujitegemea umo, inatosha kuanzia. Fidia ya wafanyakazi kwa kawaida hutaipata, na gari lako linatumika kwa bima yako. Kama usimamizi haumo, broka aongeze, au ununue yako akikubali kwa maandishi.

Neno "kujitegemea" huwapotosha watu. Linahusu kodi ya mapato na saa za kazi. Mbele ya idara ya leseni, broka bado anawajibika kukusimamia. Broka anayekuacha ufanye utakavyo anaihatarisha leseni yake, na akiitwa kujieleza, maelezo yake ya kwanza yatakuwa kwamba hakujua. Kwa hiyo hakikisha anajua: orodha ya nyumba zote, pamoja na ya mjomba na ile uliyopewa "kwa muda tu", imfikie kila mwezi kwa maandishi. Nyumba asiyoijua broka ndiyo ambayo bima itakataa.

Kuondoka ndipo ugomvi huzuka. Mkataba wa usimamizi ni wa broka, hata kama mteja ni ndugu yako. Andikeni mapema, kabla hamjakosana, kwamba mikataba uliyoileta itahamishwa kwa idhini ya mwenye nyumba, na amana zihamie akaunti ya amana ya broka mpya pamoja na leja zake. Bima ya kitaaluma nyingi hulipa kwa tarehe ya dai, si ya kosa. Kosa la Agosti 2024, ukahama 2025, dai likaja 2026: bima ya broka wa zamani lazima iwe hai na ikutambue kama ajenti wa zamani, au uwe na nyongeza ya muda wa kuripoti madai baada ya bima kuisha, au bima mpya inayokubali kurudi nyuma hadi tarehe hiyo. Pengo la siku chache tu linaweza kukuacha wazi.

Inamfaa mwenye nyumba chache, mwenye kipato kingine, na aliyempata broka aliyewahi kusimamia nyumba. Uzoefu wa broka ndio uzito wote wa njia hii.

Njia ya tatu: kampuni yako, broka wa kuajiri

Hapa mkataba ni wa kampuni yako, na unaandikwa utakavyo. Kwa hiyo wakili wa jimbo hulipwa mwanzoni, si baada ya kesi ya kwanza. Akaunti ya amana ni ya kampuni lakini broka lazima awe na mamlaka ya kweli juu yake: awe mtia saini na aone taarifa za benki moja kwa moja, si kwa kuonyeshwa na wewe. Bima zote unanunua wewe, na bima mpya haifuniki kazi uliyoifanya kabla ya tarehe yake ya kuanzia isipokuwa imeandikwa hivyo. Mafundi nao wanakuwa wako. Kila mmoja alete cheti cha bima yake kabla ya kushika nyundo, na akivuruga zaidi ya futi 6 za mraba za rangi ndani ya chumba kimoja katika nyumba ya kabla ya 1978, awe na cheti cha shirika la mazingira la taifa kwa kazi ya rangi yenye risasi.

Usimamizi ndio mtego. Broka anayelipwa kwa mwezi ili jina lake litumike tu, bila kusimamia, amekodisha leseni, na idara za leseni huchukulia hilo kama kosa la wote wawili. Utaona dalili mapema: haulizi kuhusu leja, hataki kutia saini benki, na ana kampuni nyingine kadhaa za namna hiyohiyo. Mkataba wake na wewe utaje saa za kukagua, nyaraka atakazosoma, na siku ngapi za notisi kabla hajaondoka. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Florida, kampuni ikipoteza broka wake pekee ina siku 14 za kumweka mwingine, na ndani ya siku hizo haifanyi biashara mpya ya ubroka.

Kuondoka hapa ni kwa broka, si kwako. Nyumba zinabaki kwa kampuni, na madai ya zamani pia.

Inamfaa mwenye uzoefu wa usimamizi ambaye bado hajatimiza masharti ya kuwa broka mwenyewe, na mwenye mtaji wa kulipia wakili, bima na mhasibu kabla pango la kwanza halijaingia. California hudai uzoefu wa miaka 2 wa kazi kamili ndani ya miaka 5 iliyopita, Texas hudai miaka 4. Kwa wengine njia hii ni daraja la kufikia hapo.

Kuchagua kwa hali yako

Kama hujui hesabu tatu za akaunti ya amana hufungwaje, ajiriwa kwanza, hata kama mshahara unaonekana mdogo. Miezi 12 inakupitisha kwenye mzunguko mzima: kuingiza mpangaji, kumtunza, kumtoa, na kurudisha amana.

Kama tayari uko kwa broka wa mauzo na mteja wako wa zamani anataka umsimamie nyumba moja, usijibu ndiyo leo. Mwandikie broka maswali matatu: bima inafunika usimamizi? akaunti ya amana ya wapangaji ipo? mkataba utakuwa upi? Jibu moja likiwa hapana, mpeleke mteja kwa kampuni ya usimamizi na uombe ada ya kuwaletea mteja kupitia broka wako.

Kama majibu yote ni ndiyo lakini broka hajawahi kusimamia nyumba, weka kikomo cha nyumba mtakazochukua hadi mlinganisho wa miezi 3 mfululizo utoke safi, na mlipieni mtunza hesabu anayejua akaunti za amana.

Kama nyumba unazotaka kusimamia ni zako au za LLC yako, swali ni tofauti: majimbo mengi hayadai leseni kwa mali yako mwenyewe. Ukiwa na leseni, hata hivyo, mjulishe broka, mwambie mpangaji kwa maandishi kuwa wewe ndiye mwenye nyumba, na usitegemee bima ya ofisi.

Kama una timu, wateja na wakili lakini umekosa leseni ya broka, njia ya tatu inawezekana, ila tafuta broka aliye tayari kusoma leja kila mwezi na umlipe kwa kazi hiyo. Na kama umempata anayekubali kwa ada ndogo bila kuuliza akaunti iko benki gani, endelea kutafuta.